Woodstock 1969: Michael Lang alitoa muziki bure, au alishindwa tu kujenga uzio?

Santuri Kuukuu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa kibarazani na mashemeji, tukabishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona ubishi wenyewe niulete huku. Michael Lang, promota wa Woodstock, lile tamasha la muziki la Marekani la 1969, aliyefariki Januari 2022 akiwa na miaka 77, kila anayemwandika anamsifu kwa kufungua mageti na kuwapa watu zaidi ya 400,000 siku tatu za muziki bila kiingilio. Mimi nasema hakufungua geti lolote. Geti halikuwepo.

Kwa wasiojua kisa: Lang ni mzaliwa wa Brooklyn. Alikuwa na duka huko Florida, anauza mabango na vikorokoro vya mahippi. Mwaka 1968 akaandaa tamasha karibu na Miami. Mpiga gitaa Jimi Hendrix akapiga, siku ya pili mvua ikamaliza kila kitu. Akahamia jimbo la New York, akaungana na Artie Kornfeld wa kampuni ya santuri ya Capitol Records, wakawafuata vijana wawili wenye uwezo, John Roberts na Joel Rosenman. Hela yenyewe ilikuwa ya Roberts, urithi wa familia ya watengeneza dawa. Walianza kwa wazo la kujenga studio, wakaishia kwenye tamasha.

Sasa sikilizeni. Tarehe 15 Julai 1969 mji wa Wallkill unawakatalia kibali. Tamasha ni tarehe 15 Agosti. Mwezi mmoja! Ndipo Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akawakodisha shamba lake huko Bethel. Muda hautoshi: ama jukwaa limalizike, ama uzio na vibanda vya tiketi. Wakachagua jukwaa. Kabla hata ya Ijumaa, siku ya kwanza, makumi ya maelfu ya watu walishajilaza nyasini, na hakuna wa kuwaambia wainuke warudi mlangoni. Tiketi ya siku tatu ilikuwa dola 18, na takriban 186,000 zilishauzwa mapema. Hao walionunua nawahurumia: wamekaa kwenye tope lilelile na waliodandia.

Swali: mtu akishindwa kukusanya kiingilio, naye anaitwa mkarimu?

Besi Gitaa

Mleta mada, umemwonea. Uamuzi wa jukwaa kabla ya uzio ndio uliookoa watu. Umati ule ungekutana na uzio nusunusu na jukwaa ambalo halijakwisha, leo tungekuwa tunajadili maiti. Ijumaa barabara zilikuwa zimeziba, wanamuziki wanaletwa kwa helikopta. Mwimbaji Richie Havens akasukumwa apande wa kwanza kwa sababu yeye yupo na vyombo vyake havina mambo mengi. Akapiga mpaka nyimbo zikamwishia, wanamwambia endelea, akaanza kulirudia neno "uhuru" juu ya gitaa, akaunganisha na wimbo wa kale wa watumwa. Wimbo ukazaliwa palepale, jasho limelowesha kanzu yake mgongo mzima.

Chakula kilipoisha, kundi la mahippi liitwalo Hog Farm, ambalo Lang na wenzake walilikodi wenyewe, likapika nafaka na mboga likagawa. Wenyeji wakaleta mikate na mayai. Vifo vilikuwepo, sikatai: mmoja alikanyagwa na trekta akiwa usingizini, mwingine alizidisha dawa za kulevya. Lakini mapigano? Watu wa kujaa mji mzima, mvua, njaa, vyoo 600 hivi vya kukodi, na hawakupigana. Nionyeshe mechi moja ya Simba na Yanga iliyokwisha kwa utulivu huo.

Mkata Tiketi

Nimekaa mlangoni miaka kumi na moja, Tanga na Muheza, kibegi cha hela kiunoni. Niruhusuni niseme kidogo.

Kuna usiku mmoja tulileta bendi kutoka Dar. Ukumbi una ukuta mfupi upande wa choo. Kufika saa nne vijana wanaruka kama kumbikumbi. Mimi na mwenzangu tunawavuta miguu, wengine wanabaki na sandali mikononi mwetu. Promota akatoka, akaona ukumbi umefurika, uso ukamng'aa. Akaniambia, "Achia tu, leo tumejaza." Watu wakampigia makofi! Saa tisa usiku ngoma imekwisha, mpiga tumba yuko mbele yangu kanyoosha mkono. Promota hayupo. Aliyepigiwa makofi ni yeye, anayedaiwa ni mimi.

Kwa hiyo ninyi mkimwona Lang juu ya pikipiki, nywele za mawimbi, kizibao bila shati, mimi namwona Roberts ofisini anaandika hundi. Bendi za Grateful Dead na The Who ziligoma kupanda mpaka zilipwe kwanza, na meneja wa benki akaamshwa usiku ili hundi zipatikane. Hasara ilikuwa kama dola milioni 1.3. Baadaye Lang na Kornfeld walinunuliwa hisa zao kwa dola 31,240 kila mmoja, wakaondoka. Roberts na Rosenman wakabaki na deni, na walikuja kupumua miaka kama kumi baadaye. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kibao Kata

Hahaha, kumbe Michael Lang alishafika Muheza.

Besi Gitaa

Mkata Tiketi, pole kwa yale ya mpiga tumba. Ila hesabu imalizie. Filamu ya tamasha ilitoka 1970, ikaingiza makumi ya mamilioni ya dola, ikachukua Oscar. Fungu kubwa lilikwenda kwa Warner, kampuni ya filamu, na lililobaki la kampuni yao ndilo lililowatoa Roberts na mwenzake kwenye shimo. Lang alikuwa ameshauza hisa. Kama alikuwa tapeli, basi ni tapeli wa ajabu, kaiba sinia kaacha pilau.

Babu wa Ilala

Mwaka huohuo wa 1969 sisi Dar tulikuwa kwenye Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU wanasaka vimini na suruali za kubana mitaani. Nilikuwa na suruali moja tu, na ilikuwa ya kubana. Endeleeni.

Mama Nuru, New York

Naishi mwendo wa saa mbili kutoka Bethel, na nilishafika. Shamba limeinama kama bakuli, nyasi zimekatwa vizuri, kwenye kona ya njia kuna jiwe la ukumbusho lenye majina ya wanamuziki. Pembeni kuna makumbusho na ukumbi mkubwa wa maonyesho. Tiketi zinauzwa, na mageti yapo. Nilikaa juu ya mteremko nikawaza habari ya yule mfugaji. Majirani walimbandikia bango kwamba watu wasinunue maziwa yake, baada ya tamasha wakamshtaki, na 1973 moyo ukamchukua, hana hata miaka 55. Sifa za ukarimu mngempa Yasgur kwanza.

Na kwa nini hakuna anayetaja 1999? Lang alikuwemo pia katika Woodstock ya mwaka huo, mji wa Rome, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga. Safari hii uzio uliwekwa barabara, wa mbao, wakaupaka michoro wakauita Ukuta wa Amani. Tiketi dola 150. Lami inachoma, chupa ya maji dola 4. Usiku wa mwisho vijana waliung'oa ule ukuta wakaugeuza kuni, wakachoma moto magari na vibanda. Wanawake walibakwa katikati ya umati. Mimi nina binti, hiyo siwezi kuipita kimya kwa sababu ya kumbukumbu nzuri za 1969.

Kibao Kata

Mimi promota wangu ni Bill Graham wa San Francisco. Mtoto wa Kiyahudi kutoka Berlin, alitoroshwa Wanazi wasimpate, mama yake akafia mikononi mwao. Pale Fillmore, ukumbi wake wa muziki, alitoza kiingilio mchana kweupe, mahippi wakamwita bepari, anagombana nao kwenye ngazi huku pipa la matufaha liko mlangoni, chukua moja au mawili, bure. Mwaka 1971 akafunga kumbi zake zote mbili, Fillmore ya San Francisco na ya New York, kwa hasira na bei za wanamuziki waliokuwa wakiimba mapenzi na amani.

Santuri Kuukuu (mleta mada)

Mama Nuru umenigusa. Besi Gitaa, la filamu nakukubalia, tapeli namfuta. Ila usiseme kukosa uzio ndiko kulikoleta utulivu. Desemba 6 mwaka uleule, Altamont, California: bure tangu mwanzo, hakuna geti. Eneo lilibadilishwa siku mbili kabla, Lang naye akiwemo katika kuhangaikia uhamisho huo. Jukwaa likajengwa chini, ulinzi wakapewa Hells Angels, wale waendesha pikipiki, kwa malipo ya bia za dola 500 kama wengi wasemavyo. Bendi ya Rolling Stones ikiwa jukwaani, Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, akachomwa kisu akafa. Miezi minne tu baada ya Bethel, na mtu yuleyule yumo.

Kwa hiyo mimi nabaki palepale: Bethel ilikuwa bahati, na bahati hiyo aliilipia Roberts.

Mkata Tiketi, yule mpiga tumba alilipwa?

Mkata Tiketi

Nusu. Nusu nyingine walijilipa kwa kubeba spika moja ya promota, wakaifunga juu ya basi. Niliwasaidia kuipandisha.