Chanjo imejaribiwa Korogwe na Bagamoyo: sera ya utafiti inatubakizia nini?

Mkazi wa Korogwe, Tanga
Ndugu zangu, kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa jaribio kubwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, viwili vikiwa vyetu: Korogwe na Bagamoyo. Lakini chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kwa watoto mwaka 2019, katika mpango wa awali, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Je, jamii iliyokubali watoto wake washiriki inanufaika vipi na ubunifu huu, na sera ifanye nini?

Mtaalamu wa maabara, Bagamoyo
Dada, swali lako ni la haki. Faida ya kwanza, kwa maoni yangu, ni uwezo unaobaki. Chanjo ya pili, R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa hapa Bagamoyo, kwa sababu maabara, wauguzi na wahudumu waliozoea kufuatilia watoto majumbani walikuwapo tayari. Faida ya pili iko zahanati: zamani homa nyingi zilitibiwa kwa kukisia kuwa ni malaria, ilhali leo kipimo cha haraka, kwa tone moja la damu na dakika zisizozidi 20, humwezesha mhudumu kujua kama atoe dawa mseto au atafute chanzo kingine cha homa.

Fundi wa vifaa tiba, Tanga mjini
Nakubaliana na kaka wa Bagamoyo, ila naomba tusisahau kinachofuata baada ya wafadhili kuondoka. Nimeona mashine nzima, isiyo na hitilafu yoyote, ikikaa bila kazi kwa kukosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na nyingine ikisubiri kipuri ambacho hakuna aliyepangiwa bajeti ya kukinunua, huku wagonjwa wakipewa rufaa ya mbali. Jambo hilo linaniuma. Kwa kuwa utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ningependa hapo hapo mtafiti aulizwe nani atagharimia matengenezo, mafundi gani wa hapa watafunzwa, na bidhaa ikifaulu itawafikia lini wananchi walioshiriki.

Mkazi wa Korogwe, Tanga
Ahsanteni sana. Ningeongeza sharti moja: matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, mbele ya wazazi wenyewe.