Chuo kinatangaza "kaboni sifuri", jikoni kuni zinashushwa na Fuso!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natema.

Mimi ni mfanyakazi wa chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Jina la chuo nalihifadhi maana ugali bado nautaka. Utawala umezindua tamko la mazingira: chuo kitafikia kaboni sifuri ifikapo 2040, yaani hewa ukaa (ile gesi inayopasha dunia joto) kinayoitoa isizidi ile kinayoiondoa. Ukumbi ukapambwa, fulana za kijani zikagawiwa, mgeni rasmi akapanda mche huku droni inazunguka juu. Nimelisoma tamko lote, ukurasa kwa ukurasa. Picha za miti zipo. Hotuba ya mkubwa ipo. Namba ya tani za hewa ukaa ambazo chuo kinatoa kwa mwaka HAIPO. Si ya mwaka huu wala ya mwaka jana. Sasa mtafikaje sifuri na hamjui mnaanzia ngapi?

Nikamuuliza mhusika mmoja kwa heshima zote: "Mkuu, tulipima lini?" Akanijibu takwimu zitafuata. Zitafuata! Chuo kina idara ya uhandisi, kina watu waliosomeshwa hesabu hizi kwa kodi zetu, na kila muhula wanawafundisha wanafunzi kuzikokotoa.

Na hesabu yenyewe wala si ngumu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Risiti za dizeli ya jenereta ziko kwa mhasibu. Za mashangingi ya wakubwa nazo zipo, tena hizo ndizo hazipotei kamwe. Zidisha, jumlisha, weka kwenye tovuti. Mhasibu na kikokotoo wanamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kinachonichefua zaidi ni viyoyozi, kwa sababu hakuna anayevitaja. Vingi vinatumia gesi ya R-410A. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja ni sawa na kutoa takribani tani mbili za hewa ukaa. Fundi anakuja, anakuta gesi imeisha, anajaza nyingine, anasainiwa karatasi, anaondoka. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari, jamani! Ikiisha ujue imevuja. Kuziba tundu hakuna bajeti, kujaza upya bajeti ipo, na fundi ni yuleyule, kiyoyozi ni kilekile. Halafu mnatuletea miche, ambayo kiangazi kikifika imeshakauka kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuimwagilia.

Tuje kwenye kuni. Serikali ilishapiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, mwisho ukawekwa Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia nao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nenda nyuma ya mgahawa wetu asubuhi uone. Fuso inashusha magogo mchana kweupe, akina mama wa jikoni macho mekundu kwa moshi. Mzabuni anasema mkataba wake haukutaja gesi ya kupikia. Na ni kweli haukutaja! Walioandaa zabuni hiyo ndio haohao waliokaa kamati ya tamko.

Najua atatokea mtu aseme Afrika tunachafua kidogo, wabanwe Wazungu. Sawa kabisa, wabanwe. Lakini nani aliwalazimisha wakubwa wetu kutangaza? Na msiniambie haiwezekani, Chuo Kikuu cha Strathmore pale Nairobi walifunga umeme wa jua wa kilowati 600 juu ya mapaa yao tangu 2014. Hata wenye pesa wanakwama: University of California ya Marekani iliahidi mwaka 2013 kwamba ifikapo 2025 itakuwa imefuta hewa ukaa yake, ilipofika 2023 ikabadili lengo, sasa ni kupunguza asilimia 90 ifikapo 2045. Wamesemwa sana, na wamesemeka kwa sababu namba zao ziko hadharani. Hapa kwetu utambana mtu kwa kipi? Ifikapo 2040 wote waliosaini watakuwa wamestaafu zamani, wanafuga kuku.

Ninachodai ni namba za mwaka mmoja tu. Dizeli, umeme, gesi ya viyoyozi, kuni, na tiketi za ndege, zikiwemo za msafara uliokwenda Dubai 2023 kwenye mkutano wa tabianchi ukarudi na picha. Na mkataba mpya wa mgahawa uandikwe gesi, kwa herufi kubwa.

Wadau wa vyuo vingine, chuo chenu kimewahi kuweka tani zake hadharani? Tupieni hapa mwaka na namba. Na nyie mtakaokuja inboksi kuniuliza ni chuo gani, msijisumbue.