Glovu za baiskeli "haziingizi maji": acheni kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa hasira, asiyependa makelele apite tu.

Lebo inasema "haziingizi maji kabisa". Chini yake wameandika "hadi nyuzi 5 chini ya sifuri". Unatoa hela, mvua inakukuta barabarani, na saa moja haijaisha vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba kubadili gia ni mtihani. Ukilalamika unajibiwa kwamba glovu haijavuja, hilo ni jasho lako. Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi jibu hilo ni kweli, na muuzaji alijua tangu mwanzo.

Glovu hizi zina tabaka tatu: kitambaa cha nje, utando mwembamba katikati, na bitana ya joto ndani. Kinachozuia maji ni ule utando peke yake. Kitambaa cha nje kimepakwa dawa tu ya kufanya matone yateleze. Dawa ikichoka, na huanza kuchokea kiganjani na katikati ya kidole gumba na cha shahada maana hapo ndipo panaposuguana na hendeli, kitambaa kinanyonya maji na kulowa chepechepe. Hapo umevaa kitambaa kizito cha maji kinachopigwa na upepo mfululizo. Maji yanapovukizwa yanaondoka na joto la mkono. Jasho nalo halina pa kutokea kwa sababu nje kumeziba, linabaki ndani na bitana inalowa. Utando mzima, haujatoboka hata tundu moja, na mkono umelowa vilevile. Hiyo ndiyo "haiingizi maji" mliyouziwa.

Halafu wanatutisha na namba. "Milimita 10,000", yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kupitisha, ni kipimo cha kitambaa kilichotandazwa maabara, si cha glovu yenye mishono kila kidole. Swali la kuuliza ni je, mishono ya ule mfuko wa ndani imezibwa? Muuzaji akianza longolongo, rudisha glovu kwenye rafu. Na hizo nyuzi za kwenye lebo wamezipimaje? Kiwango cha Ulaya cha EN 511 kinapima glovu za kazi za baridi kwa alama tatu, si nyuzi, na kubwa ndiyo bora: baridi ya hewa 0 hadi 4, baridi ya kugusa 0 hadi 4, na maji 0 au 1. Kwenye glovu za baiskeli ni nadra kukikuta. Wakati huohuo, hewa ikiwa nyuzi 0 nawe unakwenda kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi baridi ya karibu nyuzi 6 chini ya sifuri. Mwendo wako wenyewe ndio upepo.

La mwisho ni pindo. Ukiwa umeshika hendeli, mikono iko mbele na chini, kwa hiyo mvua inateremka kwenye mkono wa jaketi na kuishia ndani ya glovu. Mkono wa jaketi unatakiwa uwe juu ya glovu. Lakini wanatutengenezea mapindo manene yenye mikanda na vibandiko ambayo hayapiti chini ya jaketi yoyote! Pindo linalofaa ni refu, jembamba, na linafunika kifundo chote cha mkono. Pale mishipa ya damu iko karibu na ngozi, pakipoa na vidole vinapoa.

Dukani usijaribu glovu ukiwa umenyoosha vidole. Kunja ngumi kama uliyeshika hendeli, kisha vuta breki kwa vidole viwili. Ncha za vidole zibaki na nafasi ya nusu sentimita hivi. Ikibana, damu haipiti vizuri na bitana inabanwa hadi hewa yote inayotunza joto inaisha. Kisha vuta ncha za glovu kwa nje huku mkono ukiwa ndani. Bitana ikikufuata, achana nayo, siku mkono ukiwa na maji itageuka nje na hutairudisha.

Gia Ndogo: Mleta mada umenena, ila umesahau glovu za neoprini, zile za mpira laini wa milimita 3 hivi. Hazidai kuzuia maji. Zinalowa, ila upepo haupiti na mkono unabaki na uvuguvugu. Kwa mvua kubwa kwenye nyuzi 5 hadi 10 zinazishinda nyingi za utando. Baridi ikizidi hapo, hamia zile za vidole viwiliviwili, vidole vinapashana joto na breki bado unaishika. Kwa barafu, vifuniko vya kufungwa kwenye hendeli yenyewe. Ndani unavaa glovu nyepesi tu.

Mnyororo Mkavu: Mimi sikubaliani na nusu ya lawama. Watu wanafua glovu na jaketi kwa dawa ya kulainisha nguo, halafu wanashangaa maji hayatelezi! Fua kwa sabuni kidogo isiyo na kilainishi, suuza hadi povu liishe kabisa, kausha, halafu kama lebo inaruhusu tumia joto dogo la mashine ya kukaushia ili dawa ya nje iamke. Matone yakigoma kuteleza, nyunyizia dawa mpya.

Mleta mada: Mkuu, hiyo ndiyo hoja yangu! Dawa za zamani zilikuwa na PFAS, zile kemikali zisizooza, zikafukuza maji na mafuta. Sasa zinaondolewa, Ufaransa imezipiga marufuku kwenye nguo kuanzia Januari 2026, na ni sawa kabisa kwa mazingira. Ila dawa mpya hazifukuzi mafuta vizuri, kwa hiyo jasho na grisi ya mnyororo vinaziua mapema. Lebo imebadilika wapi? Maneno ni yaleyale.

Breki Mbili: Nyie mnapigania vidole wakati vifua viko wazi. Kiwiliwili kikipoa, mwili unapunguza damu ya mikononi, hata uvae glovu nene namna gani. Ndani weka sufu nyembamba au polista, pamba hapana, ikilowa haikauki. Jaketi ijaribu ukiwa umeinama: mikono isipande kwenye vifundo, mgongo usibaki wazi. Ukitoka nyumbani usikie kibaridi dakika kumi za mwanzo. Ukitoka ukiwa na joto kamili, kwenye mlima utaloa jasho. Fungua zipu kabla ya kupanda, si katikati. Taiti ipite juu ya kifuniko cha kiatu, siyo kuchomekwa ndani, la sivyo maji ya mguuni yanajaa kiatuni. Na funga madigadi, maji mengi ya miguuni yanatoka kwenye tairi lako mwenyewe.

Gia Ndogo: Na glovu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Zilizolowa zijazeni magazeti, badilisheni kila baada ya saa chache. Msiziweke juu ya hita, gundi ya utando inaachia.