Begi la golfu linapita bure, fimbo za kuvulia unalipishwa na bado zinavunjwa. Hii ni nini?

Wandugu habari zenu. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie na mwandiko, natumia simu na kioo chenyewe kimepasuka.

Naomba mtu anijibu kwanza, nani aliamua kwamba golfu ni mchezo lakini kuvua samaki ni uhuni?

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kupeleka wageni kuvua mputa kwenye Nile huku Uganda, kule chini ya maporomoko ya Murchison. Nyinyi wa Tanzania mnamwita sangara. Huyo samaki akikomaa anaweza kupita kilo mia, sio wa kumfuata na fimbo ya mwanzi na uzi wa nailoni wa dukani. Fimbo ya kumhimili ni ghali, rili yake, lile gurudumu la kuzungushia uzi, ndiyo usiseme, na vifaa vya uzito ule hapa kwetu sio vya kuingia dukani tu ukanunua. Kwa hiyo vinasafiri na mwenyewe. Juzi nilikuwa pwani ya Kenya kwa jamaa zangu wanaovua nguru na sulisuli, kwenda nilienda salama kabisa, balaa likawa kurudi. Shirika silitaji, uwanja nilioondokea siutaji, nikiburuzwa mahakamani hela ya wakili sina.

Sasa sikilizeni. Kwenye tovuti yao imeandikwa, na kabla ya kukata tiketi niliipiga picha ya skrini kabisa kwa sababu nawajua hawa watu: vifaa vya michezo, vya kuvulia samaki vikiwemo, vinahesabiwa kama begi lako la kawaida mradi visizidi kilo 23. Ukubwa ni ule ule unaotumika karibu kila mahali, urefu jumlisha upana jumlisha kimo visipite sentimita 158. Bomba langu la kubebea fimbo lina sentimita 120 kwa 12 kwa 12. Jumla 144. Mtoto wa P4 anaifanya hiyo bila kalamu. Uzito hata kilo sita halifiki!

Dada wa kaunta akaliangalia bomba kama nimemletea maiti. Akaniuliza, "Kaka, hii ni bunduki?" Nikamwambia hapana dada yangu, ni fimbo za kuvulia, nikafungua kifuniko nikamwonyesha. Akachukua tepu akapima urefu peke yake, akasema imezidi mita moja, ni oversaizi, lipa. Nikamwuliza hiyo mita moja imeandikwa wapi. "Sistimu ndiyo inakataa." Sistimu gani dada, na hujabonyeza kitu? Nikamwonyesha ile picha ya skrini, akaniambia hiyo ni ya mtandaoni, hapa ni kaunta. Banange! Kwani tiketi niliinunua wapi, kwenye mti?

Na wakati tunabishana, mzee mmoja mstaarabu sana kwenye kaunta ya pili anapitisha begi la golfu. Nyinyi mnalijua begi la golfu lilivyo, peke yake linakaribia mita moja na robo kwa urefu halafu lina tumbo, ukijumlisha pande tatu 158 unaiacha mbali. Likabandikwa karatasi likapita, "safari njema mzee." Mimi sina neno na yule mzee, hata alinionea huruma. Lakini begi lake limepita kipimo na halilipi, bomba langu halijafika kipimo na linalipa. Nikatoa dola 60 kwa sababu ndege haisubiri mtu, risiti ninayo, imeandikwa "mzigo wa ziada" wakati ule ndio ulikuwa mzigo wangu mmoja wa chini.

Hapo bado sijafika kwenye ukaguzi.

Ndoana zote, koleo, kisu cha kupasulia samaki, chambo bandia zenye ndoana tatu tatu, vyote nilivifunga ndani ya bomba viende chini ya ndege kama inavyotakiwa. Mkononi nilibaki na rili mbili tu, kwa sababu rili haitupwi kwenye mizigo, kishikio kikigongwa kikapinda umeisha. Rili ni kama saa ya mkono, ina meno madogo madogo ndani. Kwenda nilizipitisha mkononi hakuna aliyeniuliza. Kurudi, afande wa skana ananitolea moja anaishika juu kama ushahidi wa mauaji, anasema hii ina kamba, unaweza kumfunga rubani.

Nikasema afande, mkanda wangu wa suruali je? Hilo swali halikumpendeza.

Akanipa mambo mawili, niziache rili au nitoe uzi. Basi nikakaa pembeni ya meza yao nikaanza kuvuta uzi kwa mkono. Ule uzi wa kusuka, mita mia tatu kwa kila rili. Waliowahi kuufanya wanajua, huo uzi ni mwembamba na unakata, ukiuvuta haraka unakuchana ukivuta polepole abiria wanakuita mwishoni. Nikawa nauzungusha kwenye kiganja na kiwiko, mwingine unaanguka sakafuni unajifunga na matairi ya mabegi ya watu, mama mmoja akanaswa mguu ikabidi nipige magoti kumnasua huku namwomba radhi, na afande yuko pale anakunywa soda. Rundo lote likaishia kwenye pipa la taka. Ni kweli neno la mwisho ukaguzini ni la mkaguzi, hilo silibishi, lakini basi muwe na jambo moja. Haiwezekani uzi ule ule uwe salama Jumatatu halafu uwe silaha wiki inayofuata.

Nafika nyumbani, bomba linatoka kwenye mkanda wa mizigo limezungushiwa gundi ya karatasi ambayo sio yangu. Kifuniko hakuna. Naangalia ndani, fimbo yangu nzito imevunjika ncha, kile kipete cha juu kinaning'inia, na nyingine imebonyea katikati. Hiyo ya kubonyea ndiyo mbaya zaidi kwa sababu kwa macho inaonekana nzima, utakuja kujua siku mgeni amebana mputa mkubwa halafu inapasuka mkononi kwake. Nimeitupa.

Kwenye dawati lao la mizigo yule kijana akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye bomba, kwamba ni kitu cha kuvunjika na shirika halihusiki. "Pole ssebo." Pole naikubali ila hiyo karatasi siikubali, na nyinyi mnaosafiri msiikubali. Safari nyingi za kimataifa zinaendeshwa na mkataba wa Montreal wa 1999, utaukuta umetajwa kwenye masharti ya tiketi yako. Ule mkataba unasema begi ulilolikabidhi likiharibika mikononi mwao wanawajibika, isipokuwa ubovu ulikuwa wa kitu chenyewe. Kifungu cha 26 kinasema sharti lolote la kumtoa mbebaji kwenye wajibu huo halina nguvu. Cha 31 kinakupa siku saba tangu upokee begi kulalamika kwa maandishi, ukizembea zikapita huna kesi. Kiwango cha juu cha fidia kilipandishwa tarehe 28 Desemba 2024 kutoka SDR 1,288 hadi 1,519, hiyo SDR ni hesabu ya IMF, kwa pesa tunazozijua ni kama dola elfu mbili. Kwa hiyo usiondoke uwanjani bila ile fomu ya kuripoti uharibifu. Mimi kijana aliniambia fomu zimeisha, nikakaa kwenye kiti chake cha wageni mpaka zikapatikana.

Kinachoniuma ni kwamba hawa wa mashirika ya ndege wanatua kwetu Entebbe, ziwa liko pande karibu zote, ukitazama dirishani unaona mitumbwi ya watu wanavua, wageni wanalipa pesa nzuri kuja kuvua hapa, halafu fimbo ya kuvulia kwao ni kitu kigeni.

Na msiniambie ndege zote ni hivyo. Zile ndege ndogo za kwenda Pakuba na Bugungu mbugani sina ugomvi nazo hata kidogo. Kule wanakwambia mapema, kilo 15, begi laini, hakuna masanduku. Ni kali lakini unaijua ukiwa bado nyumbani, na ukiwapigia simu mapema kuhusu bomba wanakujibu ndiyo au hapana. Rubani mwenyewe nimemwona akililaza kwenye sanduku la chini ya tumbo la ndege kwa mikono yake.

NYONGEZA: naona watu wananiambia ninunue fimbo za vipande vinne ziingie kwenye sutikesi. Asanteni, ninazo, kwa samaki wa wastani zinafaa. Kwa mputa wa kilo 80 kwenye maji yanayokimbia mimi viungo vinne siviamini, huo ni msimamo wangu. Na wageni wangu wanakuja na fimbo zao, siwezi kuwachagulia. Mwingine anasema nimwachie Mungu. Mungu hakuchukua dola 60.

Barua nimeshaituma kwa imeili ndani ya siku saba, na picha zote na risiti na ile picha ya skrini. Wamenijibu namba ya kesi na "tunathamini maoni yako." Sasa kuna mtu humu ameshalipwa kweli na shirika lolote kwa fimbo au kifaa kilichovunjwa? Ulimwandikia nani, maana huduma kwa wateja inajibu roboti, na je walikulipa bei ya fimbo mpya au walikata uchakavu?