Schumacher: Barcelona 1996 au Jerez 1997, tumpime kwa lipi?

Mdau_Ntinda
Wakuu, hapa Kampala mazungumzo ya Pearl of Africa Rally, rali yetu ya Uganda, yakiisha tunaishia kwa Michael Schumacher, dereva wa Formula 1, na hapo ndipo tunagawanyika. Mataji 7 na ushindi 91 tunayajua. Nauliza ufundi: alifanya nini ndani ya gari ambacho wenzake hawakukiweza? Na zile ajali za Adelaide na Jerez, alipogongana na wapinzani wake wa taji, zinapunguza kipaji chenyewe au ni tabia tu?

Fundi_Kisekka
Ssebo, anza na miguu yake. Breki aliikanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukibaki kwenye mafuta, na katikati ya kona vyote viwili vilifanya kazi pamoja. Akiingia kona bado kabana breki kidogo, uzito unabaki kwenye matairi ya mbele, pua inashika na mkia unaanza kuzunguka. Dereva mwingine hapo anaogopa gari lisimgeuke, anaachia breki mapema, pua inapoteza mshiko, gari linakwenda nje. Yeye aliutuliza mkia kwa mafuta kidogo kidogo. Wenzake wa timu, Lehto, Verstappen baba na Herbert, wote walihangaika na gari lilelile la Benetton la 1994.

Tazama Barcelona mwaka huo. Gia ilikwama kwenye ya 5 na mbio bado ndefu. Kona za polepole injini inakosa nguvu, kwa hiyo alizichukua kwa upana ili mzunguko wa injini usishuke. Akaingia piti, pale magari yanapohudumiwa, akaondoka kwa gia hiyohiyo ya 5 bila gari kuzimika, akamaliza wa 2. Mwenye gari la gia za mkono ajue maana yake.

Halafu Barcelona 1996 kwenye mvua: alianza wa 3, mwanzo ukamharibikia, akapitwa na magari kadhaa, bado akashinda kwa sekunde 45. Ile Ferrari haikuwa gari bora kabisa.

Mzee_wa_Busiika
Ya miguu nakubali yote. Ila sisi tumelelewa na rali, ambako kila gari linaachiwa peke yake kushindana na saa. Tabia ya dereva aliyebanwa na mwenzake ubavuni huioni huko. Jerez inaionyesha.

Tarehe 26 Oktoba 1997 alikuwa mbele ya Villeneuve wa timu ya Williams kwa pointi 1 katika kugombea taji. Mzunguko wa 48, Villeneuve akachelewesha breki akaingia ndani kwenye kona ya Dry Sac, ya kulia. Angalia picha za kamera ya garini, tazama mikono: anaona Williams iko pembeni tayari, ndipo anakata usukani kulia. Tairi lake la mbele kulia likagonga ubavu wa kushoto wa Williams. Yeye akakwama kwenye kokoto, Villeneuve akamaliza wa 3 na kuwa bingwa. FIA, wasimamizi wa mbio hizi, wakamfuta kwenye msimamo wa msimu mzima, ingawa ushindi wake 5 aliachiwa.

Adelaide 1994 bado watu wanabishana, mimi sibishani: gari lake lilikuwa limegusa ukuta, mpinzani wake Hill anapita, akafungiwa mlango. Mkono wa suspensheni wa Williams ukapinda, taji likaenda kwa tofauti ya pointi 1.

Mdau_Ntinda
Kwa hiyo ni hofu ya kupoteza taji? Nje ya hapo alikuwa safi?

Mzee_wa_Busiika
Hapana. Hungary 2010 walikuwa wanagombea nafasi ya 10 tu, akamsukuma Barrichello hadi karibu na ukuta wa piti. Adhabu ilikuwa kurudishwa nyuma nafasi 10 za kuanzia mbio za Ubelgiji. Taji halikuwepo pale. Alichoshindwa ni kukubali kupitwa.

Fundi_Kisekka
Hilo nimelikubali, na linaniuma kwa sababu hakuhitaji. Monaco 2006 alisimamisha gari kwenye kona ya Rascasse ili mpinzani wake Alonso asimalize mzunguko wake wa kufuzu, ule wa kupanga nafasi za kuanzia. Wakamrudisha mwisho kabisa. Kesho yake, mtaa mwembamba usio na pa kupitia, akamaliza wa 5. Mdau, tazama Hungary 1998 pia: Ferrari walibadili mpango kuwa vituo 3 vya piti, ikabidi awaache wenzake kwa sekunde 25 hivi katika mizunguko 19. Alizipata, hata baada ya kutoka nje mara moja kwenye kona ya mwisho. Anzia hapo, kisha Jerez, usiku mmoja.