Fundi, umeona ukuta umepinda, kwa nini unabandika vigae kimya kimya?

Ndugu zangu, leo nina hasira na sizifichi. Nimetoka bafuni sasa hivi. Nimetia kidole kwenye ufa kati ya hodhi la kuogea na ukuta, kikazama mpaka kiungo cha kwanza, na kilipotoka kilikuwa na maji machafu na makombo ya grauti, ule uji wa saruji wa kujazia mianya ya vigae. Kazi hii ina wiki saba tu.

Niko Jinja, Uganda. Vigae nilivifuata mwenyewe Kampala, barabara ya Nabugabo, nikapanda navyo taksi kurudi nikiwa nimepakata boksi moja mapajani ili lisivunjike. Hodhi lenyewe ni la mama yangu. Magoti yanamsumbua, maji ya moto ndiyo yanampa nafuu. Kwa hiyo hili si pambo la nyumba.

Fundi alikuja, tukapatana shilingi 15,000 kwa mita ya mraba, akalipwa yote. Nilipomwita kumwonyesha ufa, unajua alinijibu nini? "Mama, nyumba yako haiko skwea, kona zake hazijakaa sawa. Mlaumu mwashi." Mwashi naye anasema fundi bomba ndiye aliyeweka hodhi vibaya. Fundi bomba simu hashiki.

Basi nikaazima futi ya kupimia kwa jirani. Kwenye kona nikapima sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, nikaweka alama, kisha nikapima kutoka alama hadi alama. Kona ikiwa sawa unapata 100 kamili. Mimi nilipata 101. Sentimita moja unaweza kuidharau, lakini hodhi lina urefu wa sentimita 170: kichwani limegusa ukuta, na kufika upande wa bomba limeachana nao sentimita tatu na nusu! Kigae na gundi yake vimeziba moja na nusu. Mbili zilizobaki fundi alizishindilia grauti, akapitisha sponji, ikang'aa, akaondoka.

Grauti pale haikai. Hodhi likijaa maji na mtu akaingia, linashuka kidogo, akitoka, linapanda. Grauti haivutiki, inapasuka. Pale panatakiwa silikoni, ile gundi laini inayovutika kama mpira, na hodhi lijazwe maji kwanza kabla ya kuipaka, yaachwe humo mpaka ikauke. Lakini hata silikoni si ya kuziba pengo la sentimita mbili. Sasa maji yanapita nyuma ya vigae, lipu imelowa, na rangi ya chumba cha upande wa pili imevimba malengelenge.

Dawa ilikuwepo, na ilikuwa rahisi kabla ya kigae cha kwanza. Unaongeza lipu kwenye ukuta ule mrefu: pale konani unapaka nyembamba kabisa, mwishoni upande wa bomba sentimita mbili, kwa matabaka mawili, la kwanza likishika ndipo unapiga la pili. Kigae kinakuja kufika kwenye ukingo wa hodhi, maji yanatiririka ndani. Saruji ya kazi hiyo haimalizi hata mfuko mmoja.

Mimi simlaumu fundi kwa ukuta kupinda. Aliukuta hivyo. Namlaumu kwa sababu aliliona pengo lile siku ya kwanza, nyumba nzima tukiwa ndani, na hakusema neno. Angeniita tu: "Mama, njoo uangalie hapa." Ningelipa siku ya ziada bila kunung'unika. Sasa nalipia kubandua, vigae vipya, lipu na rangi ya chumba cha pili, na mama anaoga kwa beseni akiwa amekaa kwenye kigoda.

Kama kuna fundi wa Jinja au Iganga anayetembea na skwea ya kupimia kona na timazi ya kupimia wima kwenye mkoba wake, na anazitumia kabla ya kuchanganya gundi, aandike hapa chini. Kubandua naanza Jumamosi.