DVD ya kuchoma inakwama mwishoni

Swali: Wakuu, niko Area C, Dodoma. DVD ya harusi inacheza vizuri kwenye kompyuta, ila kwenye deki inaganda dakika kumi za mwisho. Shida nini?

Jibu: Mkuu, diski husomwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko makosa hujazana, hasa ukichoma kwa kasi ya 16x na kuijaza mpaka GB 4.7. Choma upya kwa 4x au 8x, usizidi GB 4.2. Lebo ya karatasi usibandike kabisa! Hufanya diski itikisike ikizunguka.

Jibu: Punguza na bitireti, yaani kiasi cha data ya video kwa kila sekunde. Kikomo cha video ya DVD ni Mbps (megabiti kwa sekunde) 9.8, lakini weka 6.

Jibu: Kabla ya yote futa vumbi, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa.